Uzio Nilioupanda kwa Ajili ya Kuku

Mwaka 2019, mvua za Septemba zilipoanza kulainisha udongo wa milima ya Masisi, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, mjane wa mwaka wa tatu, mwenye kuku tisa ambao hakuna kizuizi kilichowaweza. Umri wangu nautaja kwa uhakika kwa sababu umeandikwa kwenye kadi yangu ya ubatizo. Isitoshe, tangu nilipojifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na tisa, katika darasa la watu wazima lililofanyika nyuma ya kanisa, sipendi kusema "siku zile" pale ninapoweza kutaja tarehe.

Kwetu mlimani kuku wana msimu wa uhuru na msimu wa kifungo. Maharage yakishavunwa, huzurura watakako, na hakuna mtu anayeuliza kuku huyu ni wa nani. Lakini tangu siku mbegu inapoingia ardhini hadi maua yanapotoka, kila mwenye kuku huwazuia nyumbani kwake, kwa maana chipukizi la maharage, linapotoka udongoni likiwa bado limeinamisha kichwa, kuku hulikata kwa mdomo kama anayekata uzi. Kuku akiuawa ndani ya shamba wakati huo, aliyemuua hana kosa. Ila ni lazima amrudishe kwa mwenyewe akiwa na manyoya yake yote. Anayempika ni mwizi.

Nyumba aliyoniachia mume wangu iko kwenye mteremko. Chini ya ua kuna bustani yangu ya maharage, kipande kinachonilisha karibu mwaka mzima, na chini ya bustani hiyo linaanza shamba la shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Zamani mpaka kati ya bustani na shamba ulionyeshwa na miti miwili ya mpaka. Kila mtu wa Masisi anaujua mti huo: shina jembamba lililonyooka, majani marefu magumu yanayotoka kileleni, na uhai usiokatika, kwani hata kipande kilichotupwa njiani huota mizizi. Miti ile miwili ilikwenda na udongo mwaka mmoja wa mvua nyingi, mume wangu akiwa bado hai. Hakuna aliyeipanda tena, kwa sababu ndugu wawili wanaopatana hawaoni haraka ya kupanda mpaka.

Basi, katika Septemba hiyo nilipanda mbegu, nikawafungia kuku uani, na kuku wakatoka.

Uzio wangu wa kwanza ulikuwa wa matete yaliyosukwa juu ya vijiti vya mkaratusi. Walipita chini yake. Kuku anapochakura hana nia ya kutoroka, anatafuta mdudu tu, lakini mdudu mmoja humpeleka kwa mwingine, na mwishowe kichwa kiko nje na mwili unafuata. Nilipanga mawe kwenye mguu wa uzio mzima. Wakaanza kuruka. Nikawakata manyoya marefu ya bawa moja, la kulia, si yote mawili, kwa sababu aliyekatwa yote mawili bado huruka kwa usawa ingawa chini chini, bali aliyekatwa moja hupinduka hewani na kuona aibu. Nane waliacha. Wa tisa, tembe mmoja wa rangi ya kahawia, aligundua kwamba akipanda juu ya rundo la kuni hahitaji mabawa, anahitaji kushuka tu. Nilihamisha kuni. Kufikia hapo vijiti vya mkaratusi vilikuwa vimeanza kuoza kwenye unyevu, uzio ukainama kama mtu aliyechoka kusikiliza, na kuku wote tisa wakapita juu yake kwa miguu.

Tarehe 8 Oktoba, asubuhi, shemeji yangu alipanda mteremko akiwa ameshika kuku kwa miguu, kichwa kikining'inia.

"Mama, kuku yako njo hii. Nimeipiga jiwe. Sikuikula, angalia, manyoya yote iko."

"Asante kwa kuirudisha," nilimwambia.

"Zimemaliza mistari miwili ya maharagi. Miwili, Mama."

"Nitakupa mbegu ya kurudishia."

Alimweka kuku juu ya jiwe, akautazama uzio wangu ulioinama, akatabasamu. "Weye ulisoma. Andika pale ku lupango: *défense d'entrer*, hapana kuingia. Pengine zitasoma."

"Kusoma zinajua," nilimjibu, "lakini zilisoma Kiswahili tu. Hiyo Kifaransa yako zitasema haiziangalie, si mambo yao."

Alicheka, nami nikacheka. Nasimulia hili ili ifahamike kwamba hapakuwa na uadui kati yetu. Kuku yule nilimpika, na bakuli moja nikampelekea yeye na mke wake.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 12 Oktoba, ilikuwa siku ya salongo kanisani, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu mmoja. Sisi wanawake tulipewa kupunguza miti iliyozunguka uwanja, nayo ilikuwa miti ya mpaka, iliyopandwa kabla sijaolewa. Matawi yaliyonyooka, marefu kunipita mimi, yalitupwa kando ya njia. Niliyatazama nikaona vijiti vya uzio ambavyo havitaoza kamwe, kwa kuwa vitakuwa hai. Nikamwomba jirani yangu, mjane mwenzangu aliyenizidi umri, anisaidie kubeba, na kabla ya jua kutua nilikuwa nimevisimika kwa mstari chini ya ua, vikikaribiana, na matete yakasukwa katikati.

Hapa ni lazima nieleze jambo moja. Mimi ni mtoto wa Walikale, upande wa Pinga, kwenye msitu. Kwetu ardhi haikuwa na kona. Mahali palijulikana kwa kijito kilicho karibu na kwa yule aliyefyeka kwanza. Nguzo ya uzio ikichipua, mwenye nyumba hufurahi, kwa kuwa amepata uzio na kivuli kwa kazi moja. Nilikuja Masisi nikiwa bibi arusi wa miaka ishirini, na bila shaka niliujua mti wa mpaka. Lakini niliujua ukiwa umesimama peke yake kwenye kona ya shamba, kama askari. Mstari wa vijiti thelathini vilivyosukwa na matete haukufanana na mpaka machoni pangu. Ulifanana na uzio wa kuku.

Nilipokuwa nikichimba mashimo, shemeji yangu alipita njiani akitoka kuchunga mbuzi wake. Alisimama kidogo.

"Toboa sana, Mama," alisema. "Kama shimo iko fupi, zitaisukuma."

Nilichimba zaidi, na alisema kweli. Kuku hawakutoka tena. Tembe wa kahawia alizunguka uzio kwa siku kadhaa, akisimama kila penye upenyo na kuinamisha kichwa kuchungulia, kisha akakata tamaa akaenda kutaga. Maharage yalitoa maua, yakatoa maganda, na mwezi wa Januari nilivuna bustani nzima. Shemeji yangu mwenyewe alinisaidia kubeba mzigo hadi mlangoni.

Jumatatu, tarehe 17 Februari 2020, nilitoka na jembe kwenda kuandaa bustani kwa msimu wa pili. Nilimkuta shemeji yangu na mke wake ndani yake, wanalima. Walikuwa wameanzia chini na walikwisha kugeuza karibu nusu.

Nilidhani wananisaidia. Niliwasalimu, nikawashukuru. Mke wake aliinua uso, akamtazama mumewe, akainama tena juu ya jembe.

"Shemeji," nikauliza, "unalima wapi hapa?"

"Ninalima mu shamba ya baba yangu."

"Ya baba yako iko kule chini. Hii njo bustani yangu. Mwezi wa kwanza nilivuna hapa, ukanibebea gunia."

"Ile ilikuwa mbele ya mti kushika. Sasa imeshika." Aliuonyesha uzio wangu kwa kidevu. Kweli, kila kijiti kilikuwa kimetoa majani mapya, ya kijani kibichi. "Muntu akipanda mti ya mpaka, anasema: yangu inaishia hapa. Mimi sikukulazimisha. Ulipanda weye mwenyewe."

"Nilipandia kuku."

"Kuku haina mpaka, Mama. Muntu njo iko na mpaka."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha kuliko hasira. Nilielewa kwamba alikuwa amelifikiri kwa muda mrefu. Alikuwa na vijana wawili waliofikia umri wa kuoa na shamba lisilotosha hata mmoja wao, na mbele ya macho yake shina la mti wa mpaka lilikuwa limechipua mahali panapomfaa. Mimi nilikuwa na bustani moja. Ikiondoka, ningebaki na ua na kuku, na maharage ningenunua sokoni kama mtu aliyekimbia kwao.

Jirani yangu alinijia siku hiyo hiyo, akaketi jikoni, akasema kwa sauti ndogo: "Ng'oa yote. Leo, batu wakilala. Kesho utasema mbuzi njo ilikula."

"Mbuzi anakula vijiti thelathini?"

"Mbuzi ya Masisi inakula kila kitu."

Tulicheka kidogo, lakini yeye na mimi tulijua kwamba haiwezekani. Anayeng'oa mti wa mpaka peke yake, watu husema amegusa kaburi, na hata mwenye haki huipoteza. Kuuacha mahali pake kulinipokonya bustani, na kuung'oa kungenipokonya jina. Na yote hayo yalitendeka huku uzio ukifanya kazi yake vizuri kuliko uzio wowote niliowahi kuwa nao.

Tarehe 19 nilikwenda kwa chifu wa kijiji. Nilivaa kitenge nilichovaa siku ya kumaliza matanga, kwa sababu sikutaka kuonekana nimekuja kuomba. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba atakuja na wazee wawili Jumamosi ya tarehe 7 Machi, na kwamba hadi siku hiyo hakuna mtu atakayetia mbegu wala jembe katika bustani.

"Mbegu haingojee, shefu," nilimwambia.

"Haki pia haikimbie, Mama," alijibu.

Siku hizo za kungoja zilikuwa ngumu kwa namna ya kawaida kabisa. Kila asubuhi niliona mlima mzima ukipandwa isipokuwa kipande changu. Udongo ulioachwa wazi, nusu umelimwa na nusu haujalimwa, ulichukuliwa na mvua kidogo kidogo kuelekea chini kwa shemeji. Kisimani wanawake walikuwa wamegawanyika. Baadhi walisema nimeonewa. Wengine walisema, bila kunificha, kwamba mtu wa msituni akitia mkono katika mambo asiyoyajua, akubali matokeo. Nilijaza ndoo yangu nikaondoka, na njiani nilitafuta maneno ambayo ningeyasema.

Tarehe 7 Machi walifika kabla ya saa nne. Hatukukaa. Chifu alitaka tusimame ndani ya bustani yenyewe, uzio ukiwa juu yetu na shamba la shemeji chini yetu. Watu kadhaa wa jirani walisimama kando. Kuku wangu, nyuma ya matete, walipiga kelele kwa kuona miguu mingi kiasi kile.

Shemeji yangu alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alisema kwamba mti wa mpaka ni neno, na neno likishatoka halirudi. Alisema babu zake hawakuupanda kufugia wanyama. Alisema hakuniingilia wala hakunitukana, na hilo lilikuwa kweli.

Mzee mmoja akanigeukia. "Mama, hii mti ulikuwa unaijua?"

"Nilikuwa ninaijua."

"Ulijua kazi yake?"

"Nilijua iko ya kona. Sikujua ukiipanda kwa mustari na matete inabakia mpaka. Kwetu Walikale iko nguzo tu. Pale nilikosea, ninakubali."

Yule mzee alitikisa kichwa kama mtu ambaye kazi yake imekwisha. Nikamwomba chifu aniruhusu swali moja, si mimi niliulize, bali yeye amuulize shemeji: siku ile ya kupanda, alipopita njiani, aliniambia nini?

Chifu akamuuliza. Shemeji yangu alitazama chini, akasugua udongo kwa kidole cha mguu. Ningeweza kulisema neno hilo mimi mwenyewe, ila nilijua kwamba kinywani mwangu lingekuwa la mlalamikaji, na kinywani mwake lingekuwa ushahidi. Na nilijua jambo jingine: huyu si mtu wa kusema uongo mbele ya wazee.

"Nilimuambia atoboe sana," alisema hatimaye.

"Juu ya nini?"

"Juu ya kuku zisisukume."

Mtu mmoja kando alicheka, akaziba mdomo.

"Kwa hiyo weye," chifu akasema polepole, "ulimuona anapanda mpaka mu bustani yake, ukamufundisha na namna ya kuipanda nguvu. Ulizani anapanda nini?"

"Nilizani..." Mke wake, aliyekuwa nyuma yake, alimgusa kiwiko. "Nilizani iko lupango ya kuku, shefu."

"Njo vile. Na sisi tunazani vile."

Chifu akaeleza, kwa ajili ya wote waliosimama pale, jambo ambalo wenye umri mkubwa walilijua na ambalo mimi sikuwahi kulishuhudia: mti wa mpaka hushikwa na mikono miwili. Mwenye upande wa juu anaushika, na mwenye upande wa chini anaushika, ndipo unaposhushwa shimoni pamoja. Mti ulioshikwa na mkono mmoja ni mti tu. Lakini kwa kuwa mimi niliutumia mti huo kwa kazi isiyokuwa yake na kuleta fujo kati ya ndugu, ningetoa jogoo mmoja kwa wazee. Vijiti vyote vingeng'olewa mchana huu huu, mimi na shemeji tukisaidiana, na viwili kati yake vingepandwa chini, mahali ilipokuwa miti ile ya zamani, ili jambo hili lisirudi tena.

Nilikubali jogoo. Nilidhani tumemaliza. Ndipo mzee wa pili, ambaye hakuwa amesema neno tangu kufika, akainua mkono.

"Mwanamuke hashike mti ya mpaka," alisema. "Mutoto wake mwanaume iko wapi? Aitwe. Tungojee."

Mwanangu alikuwa Walikale kwa wajomba zake, safari ya siku nzima kwa pikipiki njia ikiwa nzuri, na haikuwa nzuri. Kumngoja kulimaanisha msimu mzima kupita bila mbegu, na katika msimu mzima neno lililosemwa leo lingeweza kusahauliwa. Chifu alisita. Niliona anasita, kwa sababu mzee yule alikuwa na umri wa kumzaa.

Sikuwa nimeandaa jibu la hilo. Nilisema lililonijia.

"Mzee, ninakuheshimu. Lakini hii miti thelathini, nani aliipanda? Mimi, na hii mikono. Shemeji aliona iko mpaka kamili, alitaka kuchukua bustani juu yake, na hakuna muntu aliuliza kama ni mukono ya mwanamuke. Kama mukono yangu ilitosha kupoteza bustani, itatosha na kuilinda."

Mzee yule alinitazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kumtazama mjane wa watu. Kisha akamgeukia chifu.

"Huyu walimusomesha mu uzee," alisema. "Ingekuwa mu utoto, angetumaliza." Akasogea kando kutupisha.

Tuling'oa vijiti mimi na shemeji, kila kimoja kwa mikono minne. Alikuwa amesema kweli kuhusu kina cha mashimo, maana vingine vilitaka jembe. Kijiti kimoja kilipong'oka ghafla na kumwangusha matakoni, alisema, "Ninakuambia hii mashimo ulitoboa vizuri," nami nikamwambia, "Nilikuwa na mwalimu."

Kisha tulishuka chini. Chifu alionyesha mahali pa kwanza, mzee wa kwanza akathibitisha, shemeji akathibitisha. Niliushika mti kutoka upande wa juu na yeye akaushika kutoka upande wa chini, tukaushusha pamoja. Yeye akarudisha udongo, mimi nikaukanyaga. Tulifanya vilevile mahali pa pili. Chifu akamwambia aseme kwa sauti, watu wasikie, ardhi iliyo juu ya miti hiyo ni ya nani. Akasema ni ya mke wa kaka yake. Hakulisema kwa furaha, ila alilisema lote, na karatasi ikaandikwa papo hapo tukatia sahihi.

Wazee waliondoka na jogoo wao saa saba. Uzio haukuwapo tena, na kuku walikuwa wametawanyika katika bustani iliyolimwa nusu, wakichakura kwa bidii. Mke wa shemeji alinisaidia kuwakamata. Tukawafungia jikoni, mlango tukaukaza kwa jiwe. Niliingia ndani kuchukua kikapu cha mbegu, na nilipotoka nilimkuta bado amesimama pale, jembe lake mkononi.

"Ile nusu tulilima," alisema, "usiilime tena. Panda tu."

Nilipanda. Kufikia jioni ya tarehe hiyo 7 Machi 2020 nusu ya chini ilikuwa na mbegu yote, na kuku jikoni walikuwa wakilalamika.